Gemu Likigoma Kufunguka kwenye Kompyuta: Soma Kosa Kabla Hujafuta

Umebofya mara mbili, kishale kimezunguka kidogo, halafu kimya. Hapo wengi hukimbilia kulifuta gemu na kulipakua upya. Kwa gemu la GB 60 huo ni mzigo mkubwa wa bando, na mara nyingi hauponyi kitu, kwa sababu kinacholizuia kufunguka huwa kiko nje ya folda yake: draiva ya kadi ya grafiki (programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi hiyo), vifurushi vya Microsoft ambavyo gemu hutegemea, programu ya kuzuia virusi, au faili dogo la mipangilio lililoharibika. Ukilipakua tena, vyote hivyo utavikuta palepale. Kufuta ni hatua ya mwisho, na ukizifuata hatua hizi kwa mpangilio huenda usiifikie.

Maelezo haya ni ya Windows 10 na 11. Mwenye Windows 7 au 8.1 ajue kwamba Steam, duka la mtandaoni la magemu, iliacha kuhudumia matoleo hayo tarehe 1 Januari 2024, kwa hiyo Steam yenyewe ikigoma kufunguka kwenye mashine hiyo, asihangaike na draiva wala na gemu.

Dakika tano za mwanzo

Bonyeza Ctrl+Shift+Esc kufungua Task Manager, uangalie kama jina la gemu tayari limo kwenye orodha. Gemu lililokwama bila kuonyesha dirisha huzuia nakala ya pili isifunguke. Lichague, bofya "End task", jaribu tena.

Likigoma, washa kompyuta upya kwa "Restart", si kwa "Shut down". Kwa kawaida Windows 10 na 11 zikizimwa kwa "Shut down" huhifadhi sehemu ya hali ya mfumo kwenye diski ili ziwake haraka, kwa hiyo draiva iliyokwama hurudi ikiwa imekwama vilevile. "Restart" huanza moja.

Kisha tazama tarehe. Kwenye kompyuta za mezani za mtumba, betri ya duara ya CR2032 iliyo kwenye ubao mama mara nyingi imeshakufa, na kila umeme ukikatika tarehe hurudi nyuma miaka mingi. Steam, Epic na seva za magemu hukaguana na kompyuta yako kwa vyeti vya usalama vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Tarehe ikiwa ya zamani, muunganisho unakataliwa na gemu linabaki kwenye ukurasa wa kuingia au linafunga. Chomoa waya wa umeme, toa betri ya zamani, weka mpya kwa upande uleule iliokuwa nao ile ya kwanza, kisha weka tarehe sahihi. Ni betri ya volti 3, na hupatikana kwa mafundi wa saa.

Mwisho, angalia nafasi ya diski C hata kama gemu lenyewe liko D. Mafaili ya muda na kumbukumbu ya ziada ya Windows huandikwa C. Ikibaki chini ya GB 10, safisha kwanza ndipo uendelee.

Kosa lenye maandishi: hapa ndipo penye bahati

Ujumbe wa kosa ukitokea, usiufunge. Upige picha kwa simu. Jina la faili lililotajwa ndilo jibu lenyewe katika visa vingi, na kila jina lina kifurushi chake:

- VCRUNTIME140.dll, VCRUNTIME140_1.dll au MSVCP140.dll: unahitaji Visual C++ Redistributable 2015–2022.
- MSVCP120.dll au MSVCR120.dll: Visual C++ 2013. MSVCR110.dll ni ya 2012, na MSVCR100.dll ni ya 2010. Toleo jipya halichukui nafasi ya haya ya zamani; kila moja husakinishwa peke yake.
- d3dx9_43.dll, d3dcompiler_43.dll, XINPUT1_3.dll au X3DAudio1_7.dll: kifurushi cha Juni 2010 cha DirectX, mfumo wa Microsoft ambao magemu hutumia kwa picha na sauti.
- vulkan-1.dll: huja na draiva ya kadi ya grafiki. Sakinisha draiva upya.
- mfplat.dll: Windows yako ni toleo la N, ambalo huuzwa bila vifaa vya kuchezea video. Kwenye Settings, tafuta "Optional features", uongeze Media Feature Pack.

Kwa Visual C++, sakinisha faili mbili, x86 na x64, hata kama Windows yako ni ya biti 64. Gemu la biti 32 hutafuta ya x86 na halijali kama ya x64 ipo. Kosa hili tunaliona kila mara: mtu amesakinisha moja, akahitimisha kwamba dawa haifanyi kazi.

Kifurushi cha DirectX nacho kina mtego wake. Windows 10 na 11 zina DirectX 12, lakini hazina mafaili ya d3dx9 ambayo magemu ya miaka ya 2005 hadi 2012 huyatafuta. Unapakua directx_Jun2010_redist.exe kutoka Microsoft, karibu MB 96, unalifungua, linakuuliza folda, linamaliza. Hapo bado halijasakinisha chochote. Limefumua tu vilivyomo. Ingia kwenye folda uliyoichagua, tafuta DXSETUP.exe, ulifungue hilo.

Kabla ya kutumia bando, chungulia ndani ya folda ya gemu. Mengi huja na folda iitwayo _CommonRedist au Redist yenye vifurushi hivi tayari. Kwenye Steam, tazama pia steamapps\common\Steamworks Shared.

Usipakue kamwe DLL (mafaili hayo yanayoishia na .dll) moja moja kutoka kwenye tovuti zinazogawa DLL. Hujui nani amelibadilisha faili hilo, na hata likiwa salama, ukiweka la biti 64 panapohitajika la biti 32 utaishia kwenye kosa 0xc000007b. Namba hiyo maana yake hasa ni kwamba Windows imekuta faili la muundo usiofaa, na mara nyingi ni mchanganyiko wa biti 32 na 64. Ukiiona, toa DLL zote ulizobandika kwa mkono, kisha sakinisha upya Visual C++ zote mbili na DirectX ya Juni 2010.

Gemu linakufa bila kusema

Kimya cha gemu si kimya cha Windows. Mfumo huandika kila programu inayoanguka, na kusoma maandishi hayo huchukua dakika mbili:

1. Jaribu kufungua gemu, liache life.
2. Bonyeza Win+R (kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na R), andika eventvwr.msc, bonyeza Enter.
3. Fungua "Windows Logs", kisha "Application".
4. Tafuta alama nyekundu ya dakika hiyo, yenye chanzo "Application Error" na namba 1000.
5. Soma mistari miwili: "Faulting module name" na "Exception code".

Mstari wa kwanza unataja faili lililoangukiwa. Ukiona nvwgf2umx.dll, hiyo ni draiva ya NVIDIA. atidxx64.dll ni ya AMD. Jina linaloanza na igd, kama igd10iumd64.dll, ni la Intel. Kwa hayo matatu, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya draiva hapa chini. Likitajwa faili la programu nyingine inayochora juu ya gemu, kama ile ya kuonyesha fremu au ya kuzungumza na wenzako, ifunge hiyo kwanza. Likitajwa ntdll.dll au KERNELBASE.dll, usilipe uzito. Hayo hutajwa kwa sababu yako chini ya kila kitu, si kwa sababu ndiyo yenye hatia.

Mstari wa pili ni namba. 0xc0000005 ina maana programu imegusa kumbukumbu isiyo yake: inaweza kuwa draiva, faili bovu la gemu, au RAM yenye hitilafu. 0xc000001d ni nyingine kabisa, na inafaa kuijua vizuri: gemu limeipa prosesa amri ambayo prosesa haiijui. Mara nyingi ni amri za AVX, yaani kundi la amri za hesabu za prosesa mpya zaidi. Core 2 Duo haina AVX, na Pentium na Celeron nyingi hazina pia, hata zilizotoka miaka mingi baada ya Core i3 za kwanza zenye AVX. Hapo hakuna draiva wala kifurushi kitakachosaidia.

Ukikuta hakuna tukio lolote lililoandikwa, basi gemu halikuanguka. Limezuiwa lisianze au limejifunga lenyewe. Mtuhumiwa wa kwanza hapo ni kizuia virusi, na wa pili ni mfumo wa kuzuia udanganyifu.

Je, mashine inaliweza?

Swali hili liulizwe mapema, hasa kwa laptopu za mtumba zinazojaa madukani Kariakoo na Luthuli Avenue. Bonyeza Win+R, andika dxdiag. Ukurasa wa kwanza utakuambia "DirectX 12", na hapo wengi hudanganyika. Hilo ni toleo la Windows, si uwezo wa kadi. Uwezo uko kwenye ukurasa wa "Display", mstari wa "Feature Levels": namba kubwa kuliko zote hapo ndiyo mwisho wa kadi yako.

Chukua ThinkPad T420 au Latitude E6420 yenye Core i5-2520M. Tarakimu ya kwanza kati ya zile nne ni 2, yaani kizazi cha 2, na grafiki yake ya ndani ni Intel HD 3000. Hiyo inaishia 10_1. Gemu linalotaka DirectX 11 litasema linahitaji "Feature Level 11.0, Shader Model 5.0" na kujifunga, hata ukiongeza RAM hadi GB 16. Kizazi cha 3, chenye HD 4000, kinafika 11_0, na tofauti hiyo ya kizazi kimoja ndiyo inayoamua magemu mengi. Kizazi cha 4 kilikuwa na DirectX 12, lakini Intel iliizima kwa sababu za usalama kuanzia draiva 15.40.44.5107. Kwa Vulkan (njia nyingine ya magemu kuitumia kadi ya grafiki) kwenye Windows, Intel inaanzia kizazi cha 6.

Anayetafuta laptopu ya mtumba kwa ajili ya magemu aombe kufungua dxdiag hapohapo dukani kabla ya kutoa pesa. Muuzaji mwaminifu hatakataa.

Draiva ya kadi ya grafiki

Andika devmgmt.msc kwenye Win+R, fungua "Display adapters". Ukiona "Microsoft Basic Display Adapter", kadi haina draiva kabisa. Windows inaonyesha picha tu na karibu kila gemu la 3D litagoma. Ni hali ya kawaida kwa kompyuta iliyopigwa Windows upya na kukabidhiwa bila kumaliziwa.

Pakua draiva kutoka NVIDIA, AMD au Intel moja kwa moja. Achana na programu zinazojidai kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja. Kwa NVIDIA, wakati wa kusakinisha chagua njia ya "Custom" na uweke tiki kwenye "Perform a clean installation", ili mipangilio mibovu ya zamani isirithiwe. Kama tatizo limeanza mara tu baada ya kusasisha, rudi toleo la nyuma: bofya kulia kwenye kadi, "Properties", "Driver", "Roll Back Driver".

Laptopu zenye kadi mbili zina ugonjwa wao. Windows inaweza kulianzisha gemu kwenye Intel iliyo dhaifu huku NVIDIA ikikaa bure. Nenda Settings, System, Display, Graphics. Ongeza faili la .exe la gemu, halafu kwenye "Options" chagua "High performance". Hakikisha umechagua .exe la gemu lenyewe, maana mengine huwa na kifunguzi kidogo nje na gemu halisi ndani ya folda ya bin au Binaries\Win64.

Kosa moja la kadi linapotosha sana. Magemu yaliyoundwa kwa injini ya Unreal Engine yakisema "Out of video memory" kwenye kompyuta ya mezani yenye Core i7 au i9 ya kizazi cha 13 au 14 na kadi nzuri, tatizo linaweza kuwa prosesa. Intel ilikiri kasoro ya volti kwenye prosesa hizo na mwaka 2024 ikatoa marekebisho kupitia BIOS, programu ya ndani ya ubao mama inayoiwasha kompyuta. Sasisha BIOS kutoka kwa mtengenezaji wa ubao mama kabla ya kununua kadi nyingine. Prosesa iliyokwisha kuathirika haiponi kwa BIOS. Hiyo hudaiwa kwa dhamana.

Mafaili ya gemu, na umeme uliokatika katikati

Umeme ukikatika wakati gemu linajisasisha, faili moja linaweza kubaki nusu. Huna haja ya kupakua yote. Kwenye Steam, bofya kulia jina la gemu, "Properties", "Installed Files", kisha "Verify integrity of game files". Epic nayo ina "Verify" ndani ya "Manage". Programu husoma kila faili lililopo na kupakua yale mabovu tu. Kazi kubwa ni ya diski, si ya intaneti.

Makosa yakirudi kila ukikagua, shuku diski. Fungua Command Prompt kwa "Run as administrator", andika chkdsk C: /f, kubali kwa Y, kisha washa upya. Baada ya hapo andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, na ikimaliza, sfc /scannow. Mpangilio huo una sababu: sfc hurekebisha Windows kutoka kwenye ghala ambalo DISM ndiyo inayolisafisha.

Na kama kweli gemu limeharibika pakubwa, rafiki aliyelisakinisha anaweza kukuokolea bando. Nakili folda yake kutoka steamapps\common kwenda kwenye diski ya nje, iweke kwenye steamapps\common yako kwa jina lilelile, kisha bofya "Install" kwenye akaunti yako inayomiliki gemu hilo. Steam itayatambua mafaili yaliyopo na kupakua yaliyopungua tu. Diski au flashi iwe ya exFAT au NTFS, kwa sababu FAT32 haipokei faili linalofikia GB 4.

Kizuia virusi

Fungua Windows Security, "Virus & threat protection", kisha "Protection history". Kama faili la gemu ulilonunua kihalali limefungiwa, lirejeshe na uruhusu folda ya gemu hilo peke yake. Usizime kinga nzima. Angalia pia "Controlled folder access": ikiwa imewashwa, gemu haliwezi kuandika kwenye Documents, na mengine hujifunga yakishindwa kuhifadhi.

Magemu ya kunakiliwa yanayouzwa kwenye flashi ni habari nyingine. Ujumbe kwamba steam_api64.dll halipo mara nyingi unatokana na faili lililochezewa kuondolewa na kinga. Hapo kuzima kinga ni kuikabidhi kompyuta, pamoja na nywila na akaunti zilizomo, kwa mtu usiyemjua. Dota 2 na Counter-Strike 2 ni bure kabisa, na magemu mengi makubwa hushuka bei sana nyakati za punguzo.

Faili la mipangilio

Mfano bora ni GTA San Andreas ya zamani, ambayo bado iko kwenye kompyuta nyingi. Likibofywa halitokei, wala hakuna kosa. Nenda Documents, folda "GTA San Andreas User Files", ufute faili moja tu: gta_sa.set. Gemu litaliunda upya. Mafaili ya GTASAsf1.b na wenzake usiyaguse. Hayo ndiyo hatua ulizohifadhi.

Kanuni ni ileile kwa magemu mengine. Tafuta folda yake kwenye Documents\My Games, %LOCALAPPDATA% au %APPDATA%, na uibadilishe jina badala ya kuifuta, kwa mfano kwa kuongeza neno "zamani". Gemu likifunguka, rudisha ndani mafaili ya hatua zako. Kama limerudia ubovu, huenda nakala mbovu imeshushwa tena kutoka kwenye hifadhi ya mtandaoni ya Steam. Izime kwa gemu hilo kwenye "Properties", kisha rudia.

Skrini ikiwa nyeusi lakini sauti ipo, jaribu Alt+Enter. Gemu linaweza kuwa limechagua ukubwa wa picha ambao skrini yako haiutoi.

Magemu ya mtandaoni yenye mfumo mkali wa kuzuia udanganyifu

Valorant kwenye Windows 11 ikitoa kosa VAN9001, TPM 2.0 (kijenzi cha usalama cha kompyuta) haijawashwa; VAN9003 ni Secure Boot (ukaguzi wa usalama wakati wa kuwaka). Battlefield 6 nayo hudai Secure Boot. Andika msinfo32, utazame "BIOS Mode" na "Secure Boot State", kisha tpm.msc uone toleo. TPM huwashwa ndani ya BIOS kwa jina la Intel PTT au AMD fTPM. Ikiwa "BIOS Mode" inasema Legacy (njia ya zamani ya kuwaka), usibadilishe kwenda UEFI (njia mpya) hivihivi, kompyuta haitawaka. Diski lazima kwanza igeuzwe mpangilio wake kuwa GPT, unaohitajika na UEFI, kwa programu ya mbr2gpt, baada ya kuhifadhi kazi zako kwingine. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker (usimbaji wa diski wa Windows), iandike funguo yake ya kufungulia kabla ya kugusa BIOS.

Magemu ya zamani sana

Kwa ya miaka ya 1990 mwishoni na 2000 mwanzoni, andika optionalfeatures kwenye Win+R, uwashe .NET Framework 3.5 na, chini ya "Legacy Components", DirectPlay. Ya diski za CD yaliyolindwa kwa SafeDisc hayatafunguka kwenye Windows 10 wala 11, kwa kuwa Microsoft iliondoa draiva yake. Nunua toleo la kupakua lisilo na ulinzi huo. Ya DOS, mfumo uliotangulia Windows, hutumia programu ya DOSBox.

Ukibaki bila jibu

Andika msconfig, kwenye "Services" weka tiki "Hide all Microsoft services", zima zilizobaki, washa upya, ujaribu. Likifunguka, ziwashe nusu kwa nusu hadi umpate mkorofi.

Lisipofunguka, nakili hatua zako kwanza, lifute gemu, futa na folda iliyobaki, kisha lisakinishe kwenye diski nyingine ukiweza. Ukimwandikia mtengenezaji, fungua dxdiag, bofya "Save All Information", uambatanishe faili hilo pamoja na maandishi yote ya tukio namba 1000. Bila hivyo viwili, atakachokujibu kwanza ni kuviomba.